Mguu Yangu Inauma

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa chai huko Manga. Shule niliiachia darasa la saba. Kiswahili nilijifunza mwenyewe kwa kamusi kuukuu na daftari, maneno kumi kila siku. Nilikipenda mno... laiti ningalimpenda mwanangu hivyo!

Mwaka jana Onchiri, kifungua mimba wetu, alichukuliwa jeshini. Kambini kuruta walinyang'anywa simu, kwa hiyo akawa anaandika barua. Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini tangu akiwa mdogo sheria yangu ilikuwa moja: barua kwa baba ni Kiswahili, tena sanifu.

Barua ya kwanza ilisema: "Baba, mguu yangu inauma. Inatoa maji. Nikimwambia afande nitarudishwa nyumbani na kijiji itanicheka. Niseme ama ninyamaze?"

Ndugu wasomaji, mnajua nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu! Mguu wangu unauma. Unatoa maji. Kijiji kitanicheka. Chini nikaandika: "Andika upya, kisha nitakujibu." Nikairudisha kwa posta.

Mke wangu alisimama mlangoni, kikapu cha majani chai bado kiko mgongoni. "Baba Onchiri, mtoto analia mguu, wewe unalilia herufi?"

Nikamwambia jeshi halitaki mtu asiyejua kuandika.

Wiki tatu zikapita. Ya pili ikaja, mistari imepinda... "Baba, mguu wangu umevimba, viatu haiingii. Tafadhali nijibu." Nilifurahi! Kosa lilikuwa limebaki moja tu. Nikalipigia mstari, nikairudisha.

Barua ya tatu haikuwa na kosa hata moja. Haikuwa imeandikwa na yeye. Daktari alieleza kwamba kuruta huyo alificha kidonda hadi kikafika mfupani, na mguu umekatwa juu ya goti. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema alikuwa akingoja jibu la babake.

Sasa yuko nyumbani, magongo yameegemea ukuta. Nilipomwomba msamaha alisema, "Andika, Baba. Nitasahihisha."

Wazazi wenzangu, nawasihi: mtoto akikuandikia ana maumivu, mjibu kwanza, hata kama ngeli zote amezivunja! Mimi msamaha nimeuandika mara tano, kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii. Kila bahasha ananirudishia haijafunguliwa.