Mama Hakusema Hivi

“Rudisha nyuma kidogo,” Gaudensia aliniambia. “Pale mama anapoongea.”

Simu ilikuwa yake ila nimeishika mimi, na kidole changu kikawa kizito ghafla. Tulikuwa tumekaa barazani kwao Kwihara, asubuhi ya mwezi wa kumi na moja, wiki tatu tu kabla ya harusi yetu. Mama yake, Mama Leonia, alikuwa uani anachuja asali. Nikairudisha video. Mama Leonia akatokea tena kwenye kioo na kilemba chake cha Jumapili, anaongea Kinyamwezi, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanapita.

Gaudensia aliyasoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaniangalia.

“Ambrosi, mama hakusema hivi.”

Jamani, ngoja niwaeleze nilifikaje hapo, na msinihurumie, maana sikusingiziwa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nikimkuta mzungu ameduwaa stendi ya Tabora, siku hiyo nakula nyama. Gaudensia yeye alimaliza chuo cha maendeleo ya jamii, akarudi kijijini, akakusanya wanawake kumi na wanne akawaambia mizinga ishuke chini. Kwetu mzinga hukaa juu ya mti, na kupanda mti ni kazi ya mwanamume. Mwanamke anasimama chini kupokea ndoo. Yeye akatengenezesha mizinga ya masanduku, akaiweka kwenye vichanja vya urefu wa kiuno. Wanaume wakacheka, wakawaita “Mizinga Chini”. Wanawake wakalichukua jina hilohilo wakaliandika kwenye bango. Nilimpendea hapo. Ndiyo maana inaniuma: nilimpenda kwa moyo wake wa kuthubutu, halafu nikaja kuwa wa kwanza kuuzuia.

Posa yangu ilikubaliwa mwezi wa nne. Mwezi wa sita wakaja wanafunzi kumi na wawili kutoka Uholanzi na mwalimu wao, Anneke. Walikuja kujifunza ujasiriamali wa kijamii na namna wanawake wa vijijini wanavyojiinua. Walikaa wiki tatu, wamelala kwenye nyumba za wanakikundi, wakaumwa na nyuki mpaka wakazoea. Na kwa kuwa ilikuwa ziara ya kubadilishana, binti mmoja wa mkoa wetu angekwenda kwao kusoma miezi kumi. Nafasi ni moja tu. Pale Kwihara kila mtu alijua ni ya nani, hata kabla Gaudensia hajajaza fomu.

Kulikuwa na sharti moja. Mzazi ahojiwe mbele ya kamera, aseme kwa kinywa chake kama familia imeridhia. Siku ya mahojiano Gaudensia alikuwa porini na wanafunzi, akiwaonyesha mizinga. Barazani tukabaki watatu. Mama Leonia hajui Kiingereza, Anneke hajui Kinyamwezi, na katikati yao nimekaa mimi, mchumba.

Anneke akauliza. Mama Leonia hata hakufikiri mara mbili.

“Mwambie mwanangu aende,” alisema. “Mimi nilitamani kusoma, nikapewa ndoo. Mizinga yake nitaitunza. Harusi itamngoja, na mwanamume anayempenda naye atamngoja.”

Akanigeukia, akatabasamu, maana mwanamume huyo ni mimi.

Nilifungua kinywa nitafsiri. Haki ya Mungu nilitaka kutafsiri. Lakini miezi kumi ikanijia yote kwa mkupuo: simu zisizopokelewa, rafiki wapya, picha za theluji, kisha siku moja sauti ya upole ikiniambia tumekuwa watu tofauti. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru sana, ila binti yake anaolewa Desemba na familia haiwezi kumwachia.

Anneke akaandika, uso umemshuka. Mama Leonia akaniuliza mgeni amehuzunishwa na nini. Nikamjibu kwamba ameguswa na maneno yake. Uongo wa kwanza haukai peke yake.

Nafasi ikaenda kwa msichana mmoja wa Nzega. Barua haikutoa sababu, ilisema tu safari hii hakuchaguliwa. Gaudensia alilia siku mbili, kisha akaamua kwamba kilichomponza ni Kiingereza chake cha kuongea. Na mimi nikajitolea kumfundisha, kila Jumamosi, na daftari na kalamu nyekundu. Nimemvunja mtu mguu, halafu najifanya mganga wa kuunga mifupa.

Bado nilikuwa na nafasi ya kujiokoa, na ndipo ninapojilaumu hasa. Kwao wana desturi waliyoachiwa na babu, aliyekuwa mrina asali maarufu. Hakuna anayefungua mzinga akiwa na kinyongo au siri juu ya mwenzake. Kabla ya kuwasha bomba la moshi wa kutuliza nyuki, mkubwa humwuliza kila aliyepo: “Una neno?” Mwenye nalo analisema palepale, linajadiliwa, linakwisha. Asiye nalo anajibu, “Sina neno,” ndipo moshi unawashwa. Msimu ule tulirina mara tatu. Mara tatu Mama Leonia akaniuliza, na mara tatu nikajibu sina neno. Mara ya tatu Gaudensia alikuwa kando yangu, ananifunga wavu wa kofia ili nyuki wasinidhuru.

Na Anneke, bila kujua, akaja kunianika. Alitengeneza filamu fupi ya ile ziara, akawatumia wanakikundi kama shukrani. Mahojiano hakuyakata. Sauti akaiacha ya mama, na chini akaweka tafsiri yangu.

Haya, turudi barazani.

Gaudensia alimwita mama yake. Mama Leonia akaja, mikono inachuruzika asali.

“Mama, siku ile ulimwambiaje mwalimu?”

Mama akarudia yote, karibu neno kwa neno, mpaka ile ndoo yake. Gaudensia akainua simu, akamsomea kile kilichoandikwa chini ya uso wake. Mama Leonia akachukua kitambaa akaifuta mikono, kidole kimoja kimoja, hata pale palipokwisha takata. Hakupandisha sauti.

“Nilikuuliza mara tatu, Ambrosi.”

“Nisamehe, mama. Niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Kwamba hatarudi.”

Gaudensia alikuwa amesimama. Nilitegemea matusi, kofi, chochote. Akaongea taratibu.

“Ungeniambia unaogopa, ningekaa nikakusikiliza. Pengine hata nisingekwenda. Lakini wewe ulimchukua mama yangu, ukamvika maneno yako, ukamtumia kunifungia mlango.”

“Gaude, nilifanya kwa sababu nakupenda.”

“Miezi mitano nimejiona mjinga, Ambrosi. Na wewe unaniona, unanisahihisha kwa kalamu nyekundu.”

Nikainuka, nikaondoka bila kuaga.

Jioni ukaingia ujumbe wake: “Nimemwandikia Anneke mwenyewe, kwa Kiingereza ulichonifundisha. Kwa hicho asante. Mshenga wako aje kwa mama kesho. Harusi haipo.”

Mshenga wangu alikuwa mzee Justus. Alirudi kutoka kwao akanikuta nimekaa kama niliyefiwa, akaniambia njia ya mwongo ni fupi, na kwamba yangu ilikuwa ya barazani na kurudi barazani. Kisha akaenda zake. Nami nilimwandikia Anneke, nikakiri kila kitu, bila kujitetea. Alinijibu mstari mmoja: ameupokea ujumbe wangu.

Mwaka uliofuata wageni walikuja tena. Safari hii Gaudensia aliwazungusha mwenyewe, Kiingereza kinamtiririka. Siku ya mahojiano Mama Leonia aliomba atafsiriwe na mwalimu Yustina wa shule ya msingi, na Gaudensia akaketi palepale anasikiliza. Nafasi wakampa.

Siku moja kabla hajasafiri nilikwenda Kwihara. Sikuwa nimealikwa. Niliwakuta kwenye mizinga, mama na binti, wamekwisha vaa mavazi ya kurinia. Nikatoa shikamoo kwa mbali. Mama Leonia akaitikia marahaba, akanitazama weee. Desturi yao haibagui. Aliyefika mizingani huulizwa.

“Una neno?”

“Ninalo, mama.”

Nikamgeukia Gaudensia. Nikayasema kwa Kinyamwezi maneno ya mama yake, yaleyale ya mwaka uliopita. Kwamba aende. Kwamba mama yake alitamani kusoma akapewa ndoo. Kwamba mizinga itatunzwa. Yale ya mwanamume atakayemngoja sikuyataja, maana sikuwa na haki nayo tena.

Gaudensia alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa na maji, na yangu pia, siwafichi.

“Leo umetafsiri vizuri,” alisema. “Umechelewa mwaka mzima.”

“Najua.”

“Kinyongo sina. Lakini wewe na mimi ndiyo basi.”

Akashusha wavu usoni. “Mama, washa moshi.”

Nikageuka niondoke. Mama Leonia akaniita, akanipa ndoo. Nikasimama chini ya jua, nikapokea masega, moja baada ya jingine, wakinipa bila kuniangalia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wa kwangu nalala naye nyumba moja, nampikia, namwosha. Gaudensia sasa ana miezi minne huko. Siku za kurina huwa nakwenda kumsaidia Mama Leonia, naye haniombi wala hanifukuzi. Wakati mwingine simu inaita tukiwa kazini, mama anaweka spika, na mtu na mwanawe wanaongea Kinyamwezi chao, wanacheka. Mimi nashika ndoo. Hawahitaji mkalimani.