Mashimo Sita Yaliyonipokonya Rafiki

Wasomaji wenzangu, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na shuleni nimeadhibiwa zaidi kwa sababu ya mzaha kuliko kwa sababu ya hesabu. Lakini leo sichekeshi mtu. Leo naumia...

Tunaishi Muthangari. Baba ana gari kuukuu la jipu analolipenda kuliko chakula cha mama. Tangu nikiwa mdogo, Jumamosi ilikuwa yetu sisi wawili: yeye chini ya gari, mimi nikimpa spana na kumwiga mwalimu mkuu mpaka acheke na kujigonga kichwa.

Halafu nikamleta Odhi nyumbani. Mimi mwenyewe! Kwa miguu yangu!

Odhi ni mwanafunzi mwenzangu, anatoka Kangemi, mama yake anauza mboga sokoni. Maneno yake ni machache, lakini injini ikikohoa, anajua inaumwa wapi. Jumamosi ya kwanza baba alimwita "kijana". Ya pili, "Odhi". Ya tatu akamwita "fundi wangu"! Na mimi miaka yote hiyo naitwa "wewe, lete spana".

Wewe ungejisikiaje?

Likizo ya Aprili baba na marafiki zake, kila mmoja na gari lake, walipanga kwenda Suswa, kule kwa mawe na vumbi. Nyuma kungejaa mahema na mitungi ya maji, kwa hivyo kilibaki kiti kimoja tu, cha mbele. Nilijua ni changu. Kisha baba akasema mezani, huku akimega chapati:

"Nafikiri nitaenda na Odhi. Wewe utanichekesha tu, na gari haliendi kwa vichekesho."

Nikairudisha chapati yangu kwenye sahani, jamani!

Lakini kwanza rimu za magurudumu. Mbili zilikuwa zimepasuka kwa kugonga mawe, na baba akaamua kubadilisha zote nne.

"Mzee, si kuhesabu mashimo ya boliti tu," Odhi alimwambia. "Yanaweza kuwa sita na bado yakakataa. Lazima tujue yameachana kiasi gani."

Akafungua gurudumu moja, akachukua kipande cha boksi, akakikandamiza kwenye boliti sita mpaka zikatoboa. Kina cha rimu akakipima kwa rula. Rula yangu ya jiometri!

"Twende na hii River Road, kwa wauza vipuri," akasema. "Mkibeba rimu yenyewe pale mjini, mtaulizwa mmeifungua kwa gari la nani."

Baba alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko changu kile... kikachekwa kwa mzaha wa mtu mwingine!

Walipoingia ndani kunywa chai, shetani akanipa wembe. Nilikata boksi la viatu vyangu likatoshana na lile la Odhi, nikatoboa mashimo sita, yote nikiyasogeza ndani kwa upana wa kidole. Kipande cha Odhi, kilichokuwa kimefungwa ndani ya gazeti la baba, nikakitupa jikoni ndani ya jiko, changu nikakiweka mahali pake. Nilitaka tu Odhi aaibike kidogo. Kidogo tu!

Jumatatu walienda mjini. Muuzaji alilaza kile kipande juu ya rimu hii na ile hadi mashimo yakalingana. Wakarudi na rimu nne zinazong'aa, za duka ambalo mali ikitoka hairudi.

Marafiki wa baba walikuwa wamekuja kuziona. Jeki ikapanda, gurudumu likatoka, rimu mpya ikapelekwa mahali pake... ikakataa. Ikageuzwa. Ikakataa! Ikaletwa ya pili. Vilevile.

"Odhi, ulipima au uliota?" baba akafoka. "Umeniaibisha mbele ya watu! Usiguse gari langu tena!"

Odhi akaokota kile kipande cha boksi, akakigeuza. Hapo ndipo nilikumbuka. Upande ule wa pili, kwa penseli hafifu, zamani boksi likiwa bado la viatu, nilikuwa nimemchora baba: pua kama mbatata, tumbo limekalia usukani!

Odhi aliitazama picha, akanitazama mimi. Nikasubiri aseme. Badala yake nikasema mimi, "Labda ni rimu za punda."

Wote walicheka isipokuwa yeye. Akakiweka kile kipande ndani ya shati, akashika njia ya Kangemi kwa miguu.

Kiti nikakipata. Baba alichomelewa rimu za zamani, tukaondoka. Lakini kila mara gari lilipolia, aliinamisha sikio na kusema, "Odhi angejua hiyo ni nini." Nikatoa kichekesho. Hakusikia. Nikatoa kingine...

Kabla hatujamaliza mteremko wa kwenda Suswa, nilikuwa nimesema yote, machozi na kamasi.

Hakunipiga. Heri angenipiga! Alisimamisha gari, akasema, "Nenda nyuma." Nikalala juu ya mahema kama gunia, tukageuza hadi Kangemi, kiti cha mbele kikiwa wazi.

Baba alimwita Odhi mbele ya mama yake. "Nilikukosea, kijana wangu. Njoo ukae mbele twende."

"Asante, mzee," Odhi akasema polepole. "Lakini siku ile hukuniuliza."

Baba akainamisha kichwa. Mimi nikamnong'oneza Odhi, "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini, msee? Mimi wa Kangemi, wewe mtoto wake?" Akatoa kile kipande cha boksi, akanirudishia. "Picha ulichora poa. Pua umeiweza kabisa."

Akaingia ndani. Darasani siku hizi ananisalimia "niaje", basi. Na kwetu hajakanyaga tena.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu anayependwa na mzazi wako, tafadhali usimchimbie! Kaa karibu naye, umpe hata hiyo rula, ujifunze. Mimi nilidhani mapenzi ya baba ni kiti kimoja.

Jumamosi zimerudi kuwa zetu wawili. Baba hajanikataza kukaa mbele... mimi mwenyewe hupanda nyuma.