Mgeni wa Kinyozi

Gari lilianza kulia pale pale walipotoka kwenye maegesho. Ni ule mlio wa kukera unaomwambia dereva kwamba kuna abiria wa nyuma hajafunga mkanda. Mama Kasuku aligeuka kutazama. Binti yao, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alikuwa amefunga mkanda vizuri. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

"Umeweka nini hapo nyuma?" alimuuliza mumewe.

"Sijaweka kitu. Gari bovu tu hili."

Gari lililia mpaka nyumbani. Siku nyingine Kasuku angeuiga mlio ule hadi wamkemee. Siku hiyo alijikunyata mlangoni, kama mtu aliyebanwa na abiria mnene.

Walikuwa wametoka kutazama kaburi. Mji mzima ulikuwa ukilizungumzia. Wajenzi wa jengo jipya la maduka walilikuta walipokuwa wakichimba msingi, likawashinda kulivunja na likawashinda kulihamisha, basi wakalizungushia vioo, wakalifungia taa, wakageuza pale maegesho, magari kushoto, kulia na ghorofa ya juu yake, na kuendelea na biashara zao huko juu. Lilikuwa kaburi la kale kuliko mji wenyewe, chumba kidogo cha mawe chenye mlango mfupi wa mbao nyeusi. Ajabu yake ilikuwa komeo. Komeo zito la chuma, na lilikuwa upande wa nje. Waliomzika huyo aliyekuwemo hawakuogopa mwizi kuingia.

Mlinzi aliwapa sharti moja tu. "Tazameni mnavyotaka. Ila hapa hatusalimii wala hatuagi."

Watu wote walilitii. Lakini mume wa Mama Kasuku alikuwa kinyozi, na ukarimu ulikuwa umemwingia hadi kwenye mifupa. Hakuna kichwa kilichowahi kutoka kwenye kiti chake bila yeye kukung'uta kitambaa na kusema, "Asante, karibu tena." Alikaribisha msoma mita chakula. Alikaribisha hata mtu aliyekosea namba ya simu. Mama Kasuku alikuwa amewapikia watu ambao hadi leo hajui walikuwa nani, na kila mara alimeza hasira yake pamoja na tonge. Basi walipogeuka kuondoka, mumewe alikigonga kioo kwa kidole akatabasamu.

"Haya mzee, sisi tunakwenda. Karibu na kwetu."

Mlinzi alisimama. "Umesema nini wewe?"

"Utani tu, kaka."

Mlinzi hakucheka.

Tangu siku hiyo chumba cha Kasuku kilianza kunuka chokaa mbichi na udongo wa chini sana, ule ambao haujaona jua. Mama Kasuku alidhani ni bomba limepasuka, akapiga deki, akafungua madirisha, harufu ikabaki palepale. Kisha ukaja mlio. Yeye alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani sare za shule, na kila alipokanyaga pedali alisikia nyuma ya ukuta komeo likivutwa. Aliacha kushona, nalo likanyamaza. Akakanyaga tena, likavutwa kwa nguvu zaidi, na uzi ukakatika. Nyumba yao haikuwa na komeo hata moja. Milango yote ilikuwa ya vitasa.

Alipoingia chumbani alimkuta Kasuku amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, ingawa kitanda kilikuwa kipana.

"Mama," mtoto alinong'ona, "usiwashe cherehani."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Amekasirika. Alikuwa amelala, wakamwekea magari kichwani. Sasa amepata pa kulala na wewe unampigia kelele." Kasuku alijisogeza zaidi ukingoni. "Anasema hata mimi nina kelele. Anasema ataniondolea."

"Nani huyo?"

Mtoto alitazama upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa limebonyea kuanzia kichwani hadi miguuni, na Mama Kasuku alipokuwa bado anajiambia kwamba ni mikunjo tu, ni godoro tu limechoka, lile bonde la shuka likageuka polepole kwa ubavu, chaga zikalia kwa uzito wa kitu kilichokuwa kikimwelekea binti yake, harufu ya chokaa ikamjaa kooni hadi machozi yakamtoka, na Kasuku akafungua mdomo apige ukelele kama anavyopiga mtoto yeyote anayemwita mama yake, lakini hakikutoka kitu, si kilio, si pumzi, mdomo wazi tu na macho yaliyokuwa yakimwomba.

Alimnyakua akatoka naye mbio hadi kwenye saluni ya mumewe. Alimkuta ameshika kichwa cha mteja kilichonyolewa nusu.

"Mwanangu hana sauti!" alifoka mbele ya wateja. "Umekaribisha kila takataka ya mji huu nikanyamaza. Sasa umeniletea maiti kitandani kwa mtoto! Shusha hiyo mashine!"

Mganga waliyeelekezwa alikaa ghorofani, juu ya duka la matairi, na alikuwa mama mwenye ulimi mkali. Alimshika Kasuku koo, akanusa nywele zake, akauliza swali moja.

"Nani alimkaribisha?"

Kinyozi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Basi hakuvamia. Ni mgeni wako," mganga alisema. "Ukimfukuza kwa dawa atakasirika, ataondoka na sauti ya mtoto. Mrudisheni kwa heshima, msindikizeni hadi mlangoni kwake, mtoto akiwepo. Wewe uliyemwita sema kwaheri. Kwaheri tu. Halafu komeo lirudishwe."

Safari hii gari lilipolia, Mama Kasuku alishukuru. Alijua yumo.

"Neno moja," alimwambia mumewe.

"Neno moja, Mama Kasuku. Nimeelewa."

"Ukiongeza la pili, nyumba ile hukanyagi."

Mlinzi aliwafungulia kioo bila kuuliza. Komeo lilikuwa limevutwa wazi, na mlango mweusi umeachia nafasi ya kiganja. Walisimama mbele yake, Kasuku katikati. Juu yao magari yalinguruma, na ndani ya kaburi kitu kilikuwa kikikwaruza mawe kwa kila mngurumo.

"Kwaheri," kinyozi alisema.

Baridi iliwapita magotini kuingia ndani. Kasuku alikohoa, akavuta pumzi ndefu, kisha sauti yake ikagonga vioo vyote vinne.

"Mama! Nina njaa!"

Mama Kasuku alimkumbatia akilia, na hasira yote ikamtoka mwilini. Mlinzi alisukuma mlango. Ulipobakiza upenyo mdogo tu, sauti ilitoka ndani, ya mzee mpole aliyechoka.

"Asanteni. Mmenitunza vizuri."

Na kinyozi, ambaye maisha yake yote hajawahi kuishiwa jibu kwa mteja anayeshukuru, aliinamisha kichwa.

"Asante na wewe, mzee. Karibu tena."

Mlinzi alisukuma mlango kwa bega. Haukusogea. Alisukuma kwa mgongo, miguu ikiteleza sakafuni. Mama Kasuku hakungoja. Alimburuta mtoto hadi kwenye gari, akamfunga mkanda, akajitupa mbele, na mumewe akaondoa gari kwa kasi.

Walitoka juani. Gari halikulia. Barabara ya kwanza, ya pili, kimya.

"Unaona?" kinyozi alisema, akijaribu kucheka. "Hayumo. Hata gari limepona."

Mama Kasuku aligeuka nyuma. Kasuku alikuwa amejikunyata mlangoni, mdomo wazi, bila sauti. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mkanda wa kiti hicho ulikuwa umefungwa, umekazwa, ukipanda na kushuka taratibu.

"Mama Kasuku? Kuna nini?"

"Usiseme neno," alimwambia, akisaga meno kwa hasira. "Maisha yako yote yaliyobaki, usimwambie mtu neno."