Cherehani Imeuzwa, Bili Imekuja

Fundi alikuwa na cherehani mbili na macho yaliyochoka. Kila asubuhi uzi ulimpiga chenga mbele ya tundu la sindano, mpaka mumewe amtungie kabla ya kwenda kazini. Akaamua kuuza cherehani moja mtandaoni ili anunue miwani. Mnunuzi wa mji mwingine akapatikana upesi. Akalipa bei ya cherehani pamoja na nauli ya kifurushi.

Fundi aliifunga kwenye boksi mwenyewe. Kwa kuwahurumia wabebaji, alishona mshikio mgumu wa turubai, akaufunga juu ya boksi. Ulisimama wima kama mkono wa ndoo. Wakala wa kampuni ya usafirishaji alipokea mzigo, akatoa risiti, mambo yakaisha.

Kumbe hayajaisha. Wiki iliyofuata kampuni ilimtumia bili kwa ujumbe wa simu. Ilisema boksi lilikuwa refu kuliko vipimo alivyoandika kwa wakala, kwa hiyo aongeze nauli. Nyongeza yenyewe ilitosha kuimeza miwani.

"Usilipe," mumewe alisema. "Nyamaza tu, watachoka."

"Na wasipochoka?"

Fundi alimpigia wakala simu, akammwagia hasira zake zote. Wakala alisema bili si kazi yake, akakata.

Ghorofa ya juu aliishi jirani aliyefanya kazi kwenye ghala la vifurushi la kampuni nyingine. Jioni fundi alipanda kwake na simu mkononi.

"Kwanza tujue kama ni wao kweli," jirani alisema. "Usibonyeze kiungo kilichokuja na ujumbe. Piga namba iliyo kwenye risiti yako."

Fundi akapiga. Bili ilikuwa ya kweli.

"Sasa waombe picha waliyopiga walipopima."

Picha ilikuja kesho yake. Jirani aliitazama, akacheka.

"Dada, hiki kidude cha juu ni nini?"

"Mshikio. Niliwaonea huruma vijana wa watu."

"Basi huruma yako nayo imepimwa. Mashine ya kupimia vifurushi inapima mpaka kitu kinapoishia."

Fundi aliona aibu. "Kwa hiyo nilipe?"

"Bado. Mshikio ni kitambaa, ukiukandamiza unalala. Una picha ya boksi kabla halijaondoka?"

Alikuwa nayo. Mnunuzi alitaka kujua kama boksi litaingia kwenye buti ya gari lake. Fundi akalipiga picha, futi yake ya kupimia nguo ikiwa imening'inia ubavuni, na namba zilisomeka vizuri.

"Waandikie," jirani alisema. "Usitukane. Weka namba ya kifurushi, risiti na picha zote mbili. Mshikio utaje, usiufiche. Waombe wakokotoe upya. Na uwahi kabla ya tarehe ya mwisho iliyo kwenye bili."

Fundi aliandika usiku huohuo. Siku zilizofuata roho haikutulia, na kila simu ilipolia aliacha kushona. Hatimaye jibu likaja. Nyongeza ilikuwa imefutwa. Kampuni ilimwomba tu kwamba siku nyingine asiache kitu chochote kichomoze nje ya boksi. Fundi alifurahi sana, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa macho.

Siku ya kuchukua miwani alirudi nyumbani ameivaa. Alisimama mbele ya mumewe, akamtazama kuanzia kola mpaka pindo.

"Vua hilo shati," alisema. "Nani kakushonea ovyo hivyo?"

"Wewe," mumewe alijibu, akaanza kufungua vifungo.