Sehemu ya Mwisho Isubiri

Lubna hakujua kwamba amesema kwa sauti. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, yuko kwenye foleni ya chai katika soko la ndani kusini mwa Minneapolis, ambako alikuwa na duka la madera, na juu ya kaunta televisheni ilionyesha tamthilia ya Mombasa aliyoifuata bila kukosa. Mke mkubwa alikuwa analia makaburini.

"Analia saa nzima na wanja haujatiririka," alisema. "Huyo hajafiwa. Huyo ana harusi jioni."

Mwanamume aliyekuwa mbele yake aligeuka na kikombe chake, akacheka hadi chai ikamwagikia mkononi. Alivaa koti zito la kijivu na kofia ya sufu iliyomshuka masikioni. Alisema anaitwa Alwi, kwao Malindi, na kwamba mume mwenyewe hajafa, kwa sababu katika tamthilia hizi asiyeonyeshwa maiti yake hurudi na ndevu. Lubna alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Yeye mwenyewe alikuwa na buibui la zambarau na viatu vya theluji vikubwa kama vya askari, kwa hiyo hakuwa na la kumcheka.

Nambari za simu zilibadilishwa kabla chai haijapoa.

Huyu Lubna alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachoimbwa au kuigizwa. Nyimbo za siku hizi, alisema, mwimbaji anajitaja jina mara nne kabla ya kumtaja mpenzi wake. Filamu za hapa Marekani zikimtaka Mwafrika, basi anaongea kwa lafudhi isiyojulikana ni ya nchi gani. Wanawake mia tatu katika kikundi chake cha WhatsApp walisubiri sauti yake kila wiki, na asipotuma walidhani anaumwa.

Kwa kuwa aliishi na khalati yake, dada wa mama yake, Richfield, na khalati hakutaka kusikia habari za kukaa chumba kimoja na kijana wa watu, walitazama kila mtu kwake, huku wakizungumza kwenye simu. Sehemu mpya ilitoka kila Alhamisi. Wao waliiweka mpaka Jumamosi. Lubna alihesabu moja, mbili, tatu, kila mmoja akabonyeza kwake, na hakuna aliyeruhusiwa kutangulia. Sharti hilo lilikuwa lake, na lilikuwa na sababu. Alishawahi kuchumbiwa na mtu aliyekuwa na mwanamke mwingine Burnsville, akaja kujua mwisho kabisa, baada ya watu wote. Alwi alilijua hilo. Miezi sita ilipita, na Lubna akaanza kuyachagua moyoni mwake madera ya harusi yake.

Jumamosi moja, kwenye tamthilia, mtoto wa mke mdogo alikuwa anacheza ngazini.

"Usiogope, roho yangu," Alwi alisema kwenye simu, "haumii sana."

"Alwi. Mtoto hajaanguka bado."

Kisha mtoto akaanguka.

"Umeshaitazama," Lubna alisema. "Na nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mpenzi. Niamini."

Maskini, alisema kweli. Alwi aliwahudumia wazee majumbani kwao, na kazini alikuwa ametia saini kwamba habari za mteja hazitoki nje ya mlango wa mteja. Lakini Lubna alikuwa ameshawahi kuambiwa "niamini". Alikata simu, na wiki tatu nzima hakuipokea tena.

Alhamisi ya mwisho wa wiki hizo, bibi mmoja Mzungu aliingia dukani kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na binti yake. Alitaka dera la manjano, kama lile alilovaa mke mdogo siku ya harusi. Lubna aliuliza kwa Kiingereza ameliona wapi.

"Nyumbani kwangu, Plymouth," alijibu bibi. "Naitwa Velma. Alwi hunihudumia, na kila Alhamisi ananitafsiria tamthilia; yule mama mkwe nampenda, mtu mwema kweli. Nilimbana mpaka akaniambia kwa nini amenuna. Kanuni ya kazi yake ya kutowataja wateja ni ya kunilinda mimi, na mimi nimeamua kusema."

Lubna alikaa juu ya robota la vitambaa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Sehemu ya mwisho imetoka wiki mbili sasa," Bi Velma aliendelea, "na anakataa kunionyesha. Anasema hiyo ameahidi kuitazama na mtu. Nina miaka themanini na tisa, mwanangu. Sina muda wa kuwasubiri mkinuniana."

Bibi alipotoka, Lubna alimpigia Alwi simu.

"Yale maneno ya yule mama mkwe ulikuwa unayatafsiri vipi?" aliuliza, bila hata salamu. "Maana Bi Velma anamwona mtu mwema."

"Nilipunguza matusi," Alwi alisema.

"Ungeniambia tu, Alwi."

"Nikikwambia ya Velma leo, kesho nitamwambia mtu yako."

Lubna alisema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye amejitoa kwenye kikundi tangu siku ile sehemu ya mwisho ilipotoka. Wote mia tatu walikuwa wakizungumzia mwisho, naye hakutaka kuusikia kwa mwingine. Alwi alielewa amesamehewa tangu lini.

Alhamisi iliyofuata walikaa sebuleni kwa Bi Velma. Khalati aliruhusu kwa sharti moja, kwamba bibi akae katikati, naye alikaa, na dera lake la manjano juu ya sweta. Lubna alishika rimoti.

"Ngoja kwanza," Alwi alisema kwa Kiswahili, macho yake kwenye zulia. "Wazee wangu wa hapa mjini wanataka kuja kwenu Jumapili. Kuposa. Wakija, watapokelewa?"

Bi Velma aligeuka huku na huku. Aliuliza amesema nini, na mbona hakuna anayemtafsiria.

Ikabidi Lubna amtafsirie, neno kwa neno, na kila neno lilimtoka polepole.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza bibi.

"Nasema waje baada ya alasiri," alisema Lubna, "khalati atakuwa ameshapika." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na wanja ukatiririka. "Haya, tulieni. Moja, mbili, tatu."