Mafaili Yenye Tarehe ya Uongo

"Nguo zimekauka. Anua."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude kilichojificha ndani ya sikio lake. Hiyo ndiyo amri ya kuanza kunakili.

Kule Kitengo cha upelelezi walimwita Kozi. Nyumbani kwa dada yake alijulikana kama fundi wa kompyuta, mtu mpole anayekuja Jumapili, anacheka na watoto, anaondoka zake. Sasa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya mkurugenzi wa kampuni ya kuingiza dawa. Ovaroli ya bluu. Begi la bisibisi. Chini ya bisibisi, bastola ya Beretta.

Dada yake ndiye aliyempigia pasi ovaroli ile asubuhi.

Kozi aliliondoa wazo hilo, akashika kipanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye bohari ya chini kulikuwa na lori lililosheheni chanjo za watoto zilizokwisha muda wake. Tangu asubuhi mkurugenzi alikuwa akibadilisha vyeti vyake ndani ya kompyuta hii, ili dawa iliyokufa ionekane mpya. Jioni lori livuke mpaka. Kabla ya hapo kompyuta ifutwe yote, isibaki na kumbukumbu hata punje.

Mkurugenzi alikuwa ameagiza fundi wa kuifuta. Msimamizi wa bohari akamletea.

"Ni mdogo wa mke wangu," alikuwa amesema. "Namwamini kama ninavyojiamini."

Msimamizi huyo alikuwa shemeji yake Kozi. Hakujua lolote kuhusu Kitengo. Kozi ndiye aliyelipenyeza wazo lile mezani kwake, polepole, akilalamika kwamba kazi zimekuwa adimu. Shemeji alimhurumia. Akaona anamsaidia.

Kozi aliagiza kompyuta ipange mafaili yote kwa tarehe ya kubadilishwa, mapya juu.

Skrini ikajipanga.

Hakuna kitu.

Faili la juu kabisa lilikuwa la wiki iliyopita, barua ya kuagiza sabuni za chooni. La leo halikuwepo hata moja.

"Anua, anua," Mkuu alihimiza. "Mwenye nyumba anamaliza chakula."

"Kamba ni tupu."

"Haiwezekani. Tumemwona kwa darubini akichapa tangu asubuhi."

Kozi alipitia orodha tena. Ndipo macho yake yaliposhuka kwenye pembe ya chini ya skrini, pale panapokaa saa ambayo hakuna anayeitazama.

Saa ya kompyuta ilisema ni Machi. Machi ya mwaka jana.

Mjanja huyu. Alikuwa amerudisha saa nyuma kabla ya kuanza kazi. Kila alichokigusa leo kilipigwa muhuri wa mwaka jana, kikazama chini kabisa ya orodha pamoja na takataka za zamani.

Kozi alitafuta upya. Safari hii aliomba kila faili lililobadilishwa tarehe ile ya uongo.

Yakamwagika. Vyeti, hati za forodha, lebo za chupa.

Alichomeka flashi ya SanDisk, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Akafungua cheti kimoja ahakikishe.

Chini ya cheti, mahali pa aliyekagua na kuidhinisha, palikuwa na saini ya shemeji yake.

Akafungua cha pili. Saini ileile. Cha tatu. Ileile, imenakiliwa na kubandikwa, wino wake umelala vilevile. Mambo yakiharibika, mtu mmoja tu angebeba mzigo wote, na mtu huyo alikuwa chini bohari akihesabu makasha.

"Mkuu. Vyeti vina jina la shemeji yangu."

"Basi tumepata wa kuanzia. Toka."

"Amebandikiwa."

"Atayasema hayo mahakamani. Toka, Kozi. Hiyo ni amri."

Alijua kitakachofuata. Pingu mbele ya watoto. Magazeti. Dada yake ameshika kichwa. Na aliyewafikishia polisi ushahidi huo ni yeye, mgeni wao wa Jumapili.

Kozi hakutoka.

Aliinama chini ya meza. Katikati ya vumbi na waya kulikuwa na kisanduku cheusi, taa yake ikipepesa. Ni diski ya akiba, ambayo fundi mwingine aliifunga zamani ili kila jioni ijichukulie nakala ya yaliyobadilika mchana. Mkurugenzi aliisahau. Watu wengi huzisahau.

Alifungua nakala za jana.

Vyeti vilikuwa vilevile, lakini tarehe za kweli. Na pale pa mkaguzi shemeji yake alikuwa ameandika kwa maneno yake: *Zimekwisha muda. Ziteketezwe. Zisitolewe bohari.* Kila kasha. Kila cheti.

Mtu mwema kumbe alikwishakataa, tena kwa maandishi. Kozi alikuwa ameishi naye kama ndugu kwa miaka na hakuwahi kumuuliza kazini kunaendaje ila pale alipotaka kumtumia.

Alianza kunakili na hayo pia. Mstari wa kijani ukaanza upya, mwanzo kabisa.

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia mlinzi wa mkurugenzi, jitu ambalo wafanyakazi waliliita Tai kwa kuwa halikuonekana bila tai nyekundu shingoni. Mkono mmoja ulishika ukosi wa shemeji. Mwingine ulishika bastola.

"Mbona hujafuta?"

"Nanakili kwanza," Kozi alijibu bila kugeuza shingo. "Fundi akifuta bila nakala, kesho ndiye anayetukanwa."

"Nani kakuagiza nakala?" Tai alimsukumia shemeji bastola ubavuni. "Huyu ni nani hasa?"

"Fundi, mzee," shemeji alisema. "Mdogo wa mke wangu. Naapa kwa watoto wangu, hana kazi nyingine."

Kozi alitamani ardhi immeze.

Mstari ulifika mwisho.

Alichomoa flashi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulinyanyua kibodi na kuirusha. Ilimpata Tai puani. Risasi ikatoboa dari. Kabla chokaa haijafika chini, Kozi alikuwa amevuka meza, amekunja kiwiko, amekita. Bastola ikateleza sakafuni. Tai alipofumbua macho, Beretta ilikuwa inamtazama.

"Lala kifudifudi. Mikono nione."

Alilala.

Shemeji alikuwa amejibanza ukutani, akimwangalia Kozi kana kwamba hajawahi kumwona.

"Mkuu, funga geti. Lori lisitoke. Na usiguse mtu wa bohari kabla hujasoma nakala za jana."

"Ulivunja amri."

"Soma kwanza."

Flashi ilipomfikia, Mkuu alisoma. Mkurugenzi alikamatwa kwenye ngazi, kijiti cha kuchokolea meno kikiwa bado mdomoni. Lori liliishia getini.

Uani, shemeji alikaa juu ya kasha tupu. Kozi alisimama mbele yake, ovaroli imejaa chokaa.

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Na ile habari ya kukosa kazi?"

Kozi alijikung'uta chokaa begani.

"Ungeniambia, ningekufungulia mlango mwenyewe. Nilikuwa natafuta wa kumwambia habari za chanjo hizi. Nilikosa wa kumwamini."

"Nisamehe, shemeji."

Shemeji alijipangusa suruali, akasimama. Polisi walikuwa wanamwita aende kuwaonyesha makasha.

"Watoto wanakupenda," alisema. "Siku nyingine ukija nyumbani, sema kwanza umekuja kama nani."

Akaenda zake bila kugeuka.

Kozi alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti cha Hilux. Alivaa miwani ya jua. Askari wa getini walimpigia saluti, naye akawajibu kwa kidole kimoja.

"Kazi nzuri," Mkuu alisema sikioni. "Uko sawa?"

"Niko sawa."

Alitoka kwa mwendo wa mtu asiye na neno na mtu. Alipofika kwenye njia panda ya kwenda kwa dada yake alipunguza mwendo, taa ya kukunja kona ikapepesa kidogo.

Kisha akaizima, akanyoosha.