Donge la Makaa Nyumbani kwa Geddes

Jioni ya tarehe mosi Januari 1979, mjini Dundee, Uskoti, tulikuwa watatu: Archibald Geddes, mstaafu wa kiwanda cha magunia, mkewe, Ishbel Geddes, wa ukoo wa Lennox, na mimi, Shaibu Mtengeti, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Wa nne alikuwa upande wa pili wa ukuta: Elspeth Rankine, mjane, jirani yao.

Nje theluji ilifika magotini. Ndani, Archibald alibaki na fulana.

"Fundi, karibu jehanamu! Vua koti kabla hujaiva."

"Archie, chunga ulimi," mkewe akamkemea. "Mwaka una siku moja tu."

Joto lilikuwa halipungui tangu usiku wa manane. Nikateremsha kidhibiti hadi mwisho. Nikazima boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mabomba. Nikafunga gesi. Nikangoja saa nzima, kiganja karibu na bomba.

Bomba likazidi kuwaka.

Kisha ikaja harufu ya moshi wa makaa ya mawe... katika nyumba ya gesi.

Nikatazama rafu ya sebuleni. Donge la makaa lilikuwa pale nilipoliweka usiku wa manane. Kwao, mwaka ukiingia, wa kwanza kuvuka kizingiti awe mwanamume mweusi wa nywele, mwenye makaa mkononi, ili nyumba isikose joto. Miaka sita walinichagua mimi. Usiku ule nilisahau makaa yangu. Nikaiona ndoo ya makaa ya Elspeth mlangoni pake. Ilikuwa na donge moja tu.

Nililichukua. Sikubisha hodi.

Kwaru... kwaru...

Koleo, ndani ya ndoo tupu. Nyuma ya ukuta.

Nikaugusa ukuta ule. Barafu.

"Bibi Geddes," nikanong'ona, "tulitoe lile donge?"

"Thubutu! Zawadi ya mwaka mpya haitoki nje. Unataka kututia mkosi?"

"Kwani lina nini, Fundi?" Archibald akauliza.

Ningesema. Lakini nilikuwa fundi wa kuheshimika, niliyesomeshwa na wamisionari, na sijawahi kuitwa mwizi.

"Halina kitu. Ni valvu ya bomba tu, imekwama. Nitakuja kesho."

Nikapita mlangoni pa Elspeth nimeinamisha kichwa. Koleo lilikuwa bado linakwaruza.

Kesho yake Archibald aliniambia kwamba vyuma vyote vya kupashia joto vilipoa ghafla, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Hakuna aliyevigusa. Akanishukuru. Nikazipokea shukrani zake.

Elspeth Rankine, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alikutwa amefariki kitandani asubuhi hiyo.